Chemosit Akija Leo, Kericho Tutakimbilia Wapi?

Kuna swali moja ambalo kila mtu aliyewahi kutazama filamu ya zombi ana jibu lake tayari: dunia ikijaa majitu yanayokula watu, wewe unakimbilia wapi? Hapa Kericho nimeyasikia majibu mengi. Kuna wa supamaketi, sababu ya chakula. Kuna wa kituo cha polisi, sababu ya bunduki. Kuna wa kiwanda cha chai, kwa sababu kina kuta, jenereta, maji na fensi. Kuna wa kanisa. Halafu kuna yule mmoja wa kila kundi anayesema ataingia msitu wa Mau na hamtamwona tena.

Wengi huchukulia hili swali kama mchezo. Mimi nasema ni swali la historia, tena lina maana kuliko mengi tuliyokariri shuleni. Watu wa sehemu zetu hizi wamelijibu mara nyingi, wakiwa na watoto mgongoni na usiku mmoja tu wa kuamua. Wengine walichagua vizuri wakaishi. Wengine walichagua mahali palipoonekana imara kabisa, na ni hapo hapo walipofia.

Ukiziweka hizo hadithi pamoja unaona kitu kinajirudia. Tukiwa na hofu tunauliza kuhusu ukuta: ni mrefu? ni mnene? Ni mara chache tunauliza nani ameshika mlango, na kama huyo mtu anatuhesabu kuwa wake. Na kila mara hilo la pili ndilo lililoamua nani atabaki hai. Twende polepole, nikuonyeshe.

Tuanze nyumbani

Sisi Wakipsigis na ndugu zetu Wanandi hatukungoja Hollywood ituletee jitu. Tuna Chemosit. Ukitoka Kericho kuelekea Litein kuna hadi mto wenye jina hilo. A. C. Hollis, ofisa wa serikali ya kikoloni aliyeandika kitabu kuhusu Wanandi mwaka 1909, aliandika alichoambiwa: ni nusu mtu nusu ndege, ana mguu mmoja na makalio tisa, anajikongoja kwa fimbo inayofanana na mkuki, na kinywa chake ni chekundu, kinang'aa usiku kama taa.

Cheka makalio tisa ukimaliza, halafu angalia hiyo taa. Chemosit hakimbizi mtu. Anakaa gizani anaimba. Watoto wanasikia wimbo, wanaona mwanga kwa mbali, wanafikiri huko kuna ngoma na watu. Wanaenda wenyewe. Mwanga walioukimbilia ni kinywa.

Wazee waliotunga hii hadithi walijua jambo ambalo waandishi wa filamu huchukua saa mbili kulisema. Mtu aliyeogopa anavutwa na chochote kinachofanana na nyumbani: mwanga, sauti za watu, paa. Kwa hiyo hatari kubwa ya usiku wa hofu ni kule unakoelekea, pengine kuliko kule unakotoka. Shika hiyo, tutairudia tukifika karibu na miaka yetu.

Mashimo ya Sirikwa

Kabla ya chai, kabla ya Mzungu, na hata kabla ya watu wa hapa kujiita Wakipsigis kama tunavyojiita leo, kulikuwa na watu ambao wazee wetu huwaita Sirikwa. Walifuga ng'ombe kwenye nyanda hizi za magharibi mwa Kenya kwa karne kadhaa, takriban kutoka miaka ya 1200 hadi 1700 na kitu. Alama zao bado zipo: mashimo mapana ya mviringo kwenye miteremko. Yako Uasin Gishu, yako Nandi, yako Hyrax Hill pale Nakuru ambako Mary Leakey alichimba mwishoni mwa miaka ya 1930, na yako huku kwetu upande wa Sotik, mahali panaitwa Chemagel. Ukipita bila kujua unaweza kudhani mtu alichimba murram akaondoka.

Haya hayakuwa makaburi wala visima. Yalikuwa maboma ya ng'ombe. Shimo linachimbwa kwenye mteremko, mlango unakuwa mmoja mwembamba upande wa chini, na nyumba ya watu inajengwa imeshikana na shimo, kiasi kwamba kuingia kwa nyumba lazima upite kwa ng'ombe. Samadi na matope yanatolewa nje kila mara na kurundikwa, hadi rundo lenyewe linakuwa kama ukuta mbele ya mlango. Usiku ng'ombe wako chini ya usawa wa ardhi, watu wako hapo hapo kando yao, na anayetaka kuiba lazima apite kwenye kichochoro ambacho ng'ombe mmoja tu anapita kwa wakati.

Kwa wezi watano au kumi, hili ni jibu safi sana. Huwezi kuswaga ng'ombe kimya kimya kutoka shimoni huku wenyewe wamelala ukutani. Lakini mashimo yaliachwa. Maelezo ambayo watafiti kama John Sutton waliyatoa ni kwamba aina ya adui ilibadilika. Vikundi vya Wamaasai vilianza kuja na vijana wengi waliojipanga kwa rika, na ukija na mamia, shimo lenye mlango mmoja linageuka mtego wa aliye ndani. Hana pa kutokea.

Wakalenjin waliofuata walienda njia nyingine. Walitawanya nyumba zao kwenye vilima, wakajipanga kwa kokwet, yaani majirani wa mtaa mmoja wanaokaa chini ya mti kuamua mambo yao, na kwa rika za vijana wanaoitikia ukipigwa ukunga. Ulinzi ukatoka kwenye shimo ukaingia kwa jirani. Ni mfumo ambao hauonekani ukipita na gari, ndiyo maana hakuna anayeupigia picha.

Simba wa Tsavo

Sasa turuke hadi njia ya reli upande wa Voi, kwa sababu Kenya ishawahi kuwa na kambi iliyozingirwa na wanyama wala watu kabisa. Mwaka 1898 daraja la reli lilikuwa linajengwa juu ya mto Tsavo. Kuanzia Machi hadi Desemba, simba wawili madume wasio na manyoya shingoni walikuwa wanawachukua wafanyakazi kwenye mahema usiku. Mhandisi msimamizi, John Henry Patterson, aliandika kitabu juu yake. Idadi ya waliokufa yeye mwenyewe aliipandisha baadaye hadi 135; wanasayansi waliopima mifupa na nywele za simba hao mwaka 2009 walikadiria karibu 35. Wale simba wako Chicago kwenye jumba la makumbusho hadi leo.

Kinachonivutia mimi ni yale wafanyakazi walifanya. Kwanza walizungusha boma za miiba. Simba walipata mianya. Boma ya hospitali, yenye wagonjwa wasioweza kukimbia, ilivamiwa. Watu wakaanza kulala juu: kwenye matenki ya maji, juu ya mapaa, kwenye vyuma vya daraja, mitini. Usiku mmoja watu wengi mno walijazana kwenye mti mmoja, mti ukaanguka nao, na wakaponea tu kwa sababu simba walikuwa tayari wana mtu wanamla. Wengine walichimba mashimo ndani ya hema na kufunika kwa magogo mazito.

Mwishowe, mapema Desemba, mamia yao walifanya jambo la akili kuliko yote. Walilala kwenye njia ya reli, wakasimamisha treni iliyokuwa inapita, wakapanda na mizigo yao wakaenda Mombasa. Kazi ikasimama kama wiki tatu hivi.

Hapa kuna mafunzo mawili. La kwanza ni hesabu: mti unaobeba watu sita haubebi sitini. Kila kimbilio lina idadi yake, na likipitisha idadi linaua watu lenyewe, jitu halijafika. La pili ni kwamba wale watu hawakuwa kwao. Wengi walitoka Bara Hindi kwa mkataba, kambi haikuwa yao, na aliyeamua walale wapi alikuwa na hesabu ya daraja kichwani. Mara ya kwanza waliyojiamulia wenyewe, waliamua kuondoka. Wakati mwingine kimbilio bora ni treni.

Pwani: kisiwa, ngome na msitu

Kwa sababu treni imetufikisha Mombasa, tubaki pwani kidogo. Karne ya 16 pwani ilipata kitu kinachokaribia kabisa hadithi za zombi. Kundi la wapiganaji walioitwa Wazimba lilipanda kutoka upande wa mto Zambezi likielekea kaskazini, likiharibu mji baada ya mji. Mreno mmoja, padre João dos Santos, aliandika kwamba walikuwa wanakula watu. Wanahistoria wana shaka na hiyo ya kula watu, maana Mreno alikuwa na sababu zake za kumwita adui jitu. Ila kwamba miji ilianguka, hilo halina ubishi.

Mwaka 1587 walifika Kilwa. Kilwa ni kisiwa. Kama unacheza gemu la kuokoka, kisiwa ndicho unachagua kwanza, si ndiyo? Wazimba walikaa ng'ambo ya pili miezi kadhaa wakikodolea macho tu. Kisha, kwa maelezo ya dos Santos, mtu mmoja wa Kilwa mwenyewe alivuka akawaonyesha pale ambapo maji yakipwa unaweza kupita kwa miguu. Aliahidiwa uhai wake na wa watu wake. Wakavuka usiku, mji ukaisha. Na yule mtu walimtupa baharini, wakiona aliyewauza ndugu zake hafai kitu.

Bahari ilikuwa ile ile siku zote. Kilichobadilika ni mtu mmoja wa ndani.

Miaka miwili baadaye, 1589, Wazimba walikuwa mbele ya Mombasa, kisiwa kingine. Mombasa wakati huo ilikuwa inapigwa na Wareno kutoka baharini, kwa sababu Mturuki Mir Ali Bey alikuwa amejikita pale. Wazimba wakavuka. Watu walijikuta katikati, wengi wakakimbilia majini, wakipendelea kuchukuliwa na merikebu za Wareno, adui zao. Kisiwa chenye adui pande zote mbili ni gereza.

Kutoka hapo Wazimba wakaenda Malindi. Malindi haikuwa kisiwa wala haikuwa na ngome kubwa. Lakini Malindi ilikuwa na jirani: Wasegeju, wafugaji wa bara, walikuja wakapigana upande wa mji. Wazimba wakavunjwa hapo. Mji dhaifu kuliko yote mitatu ndio ulisimama, na ulisimama kwa sababu mtu wa nje ya ukuta aliona shida ya Malindi ni shida yake.

Wareno wao walisoma somo tofauti. Walijenga Fort Jesus, 1593 hadi 1596, kuta nene, mizinga, mwamba wa matumbawe chini yake. Ukitaka kimbilio la kwenye karatasi, ndiyo hiyo. Tarehe 13 Machi 1696 jeshi la Oman lilianza kuizingira. Ndani waliingia Wareno wachache na Waswahili wengi zaidi, wake kwa waume na watoto, waliokuwa upande wao. Kuta hazikuvunjwa. Lakini mwanzoni mwa 1697 maradhi yaliingia, yakawamaliza watu waliosongamana mle ndani kuliko risasi yoyote. Ilifika mahali Bwana Daud wa Faza ndiye aliyeishikilia ngome akiwa na Waafrika wachache. Msaada kutoka Goa ulikuja kwa kuchelewa na ukaleta watu wengine wa kufa. Omani walipopanda ukuta tarehe 13 Desemba 1698, walikuta watu wachache sana wamebaki hai. Karibu miaka mitatu, na ukuta ulikuwa mzima wakati wote.

Linganisha na majirani zao Wamijikenda. Simulizi zao zinasema walitoka Singwaya kaskazini wakikimbia mashambulizi ya Wagalla, wakajificha kwenye makaya: vijiji juu ya vilima, katikati ya msitu mnene, njia chache za kuingilia zenye milango. Huo msitu ulilindwa kwa miiko. Hukati mti ovyo, hupiti njia isiyo ya watu, na wazee ndio wenye kauli. Kaya ilitegemea watu kukubaliana, mtoto hadi mzee, kwamba ule msitu ni ngozi yao wote. Kadhaa zimesimama hadi leo, na UNESCO iliziweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2008.

Anapochagua asiyekaa hapo

Turudi Kericho. Kuna hadithi moja ya hapa ambayo ni kinyume cha kimbilio, na nadhani kila mtu anayekunywa chai ya Kericho anafaa kuijua.

Ukoo wa Talai ulikuwa na waorgoiyot, viongozi wa kiroho ambao Wakipsigis na Wanandi waliwasikiliza. Serikali ya kikoloni iliwaona kama tatizo, hasa wakati ardhi nzuri ya Kericho ilikuwa inakatwa kwa mashamba ya Wazungu na kampuni za chai. Mwaka 1934 ilipitisha sheria maalumu ya kuwaondoa. Mamia ya watu wa ukoo huo, karibu 700, pamoja na wanawake na watoto, walihamishwa hadi Gwassi, karibu na Ziwa Victoria. Watu wa nyanda za baridi walipelekwa kwenye joto, mbung'o na malaria. Mifugo ilikufa, watu walikufa, na waliobaki hawakuruhusiwa kurudi hadi uhuru ulipokaribia. Waliporudi walikuta nyumbani kuna majani chai.

Kwenye makaratasi mahali kama pale paliitwa makazi. Kulikuwa na mipaka, kulikuwa na msimamizi, kulikuwa na orodha ya majina. Ukiangalia kwa mbali ungesema hawa watu wamepewa mahali. Ndiyo maana huwa nauliza: huyu aliyechagua hii kambi, yeye mwenyewe angelala hapa na watoto wake? Uliza hivyo kwa kila kambi ya wakimbizi, kila shamba la kuhamishia watu, kila ahadi ya "mtakuwa salama kule".

Sasa, ya kwetu

Sasa tufike pale penye uchungu. Mwishoni mwa 2007 tulipiga kura tarehe 27 Desemba. Siku chache baadaye nchi iliwaka. Tume ya Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa. Mamia ya maelfu walihama makwao. Na Rift Valley haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1992 Londiani na kwingineko watu walishachomewa nyumba.

Fikiria usiku ule kwa macho ya mtu ambaye hakuwa Mkalenjin na alikuwa anaishi katikati yetu. Akimbilie wapi? Orodha yake ilikuwa ile ile ya gemu: kanisa, polisi, kampuni, msitu.

Kanisa. Tarehe 1 Januari 2008, huko Kiambaa karibu na Eldoret, wanawake na watoto wengi walikuwa wamejificha kanisani. Kanisa lilichomwa wakiwa ndani. Waliona mwanga, waliona paa, walisema hapa hakuna atakayetugusa. Walikuwa na haki ya kuamini hivyo. Rwanda mwaka 1994 iliona hayo hayo kwa ukubwa wa kutisha, kwenye makanisa ya Ntarama na Nyarubuye. Zamani makanisa yalishawahi kuokoa watu, kwa hiyo walirudi pale pale, na wauaji walijua watarudi.

Watu wenye silaha. Kigali, kwenye shule ya ufundi iliyoitwa ETO, watu wapatao 2,000 walijihifadhi chini ya askari wa Umoja wa Mataifa kutoka Ubelgiji. Tarehe 11 Aprili 1994 askari waliamriwa kuondoka. Waliondoka. Wengi wa walioachwa waliuawa siku hiyo hiyo. Askari alikuwa na bunduki na fensi na bendera, lakini amri yake ilitoka mbali, na huko mbali wale watu hawakuwa wake. Hapa Kenya, sitasema polisi hawakusaidia. Vituo vya polisi na viwanja vya maonyesho ya kilimo vya Nakuru na Eldoret vilijaa watu waliookoka. Nasema uliza amri inatoka wapi.

Kampuni. Hii ndiyo ya Kericho kabisa. Mashamba makubwa ya chai ni kama mji: nyumba za wafanyakazi, zahanati, shule, walinzi, geti. Wafanyakazi wengi walitoka Kisii, Nyanza, Magharibi na kwingineko. Ukikaa ndani ya geti la kampuni kubwa ya dunia ni rahisi kudhani fujo za nje zitabaki nje. Hazikubaki. Makundi ya watu yaliingia na kushambulia. Watu 218 waliokuwa wahanga, au jamaa za waliouawa, kwenye shamba la Unilever walipeleka kesi Uingereza, wakidai kampuni haikuwalinda ipasavyo dhidi ya hatari ambayo ingeweza kuonekana mapema. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufani ya London ilikataa: ilisema hawakuonyesha msingi wa kuiwajibisha kampuni mama kwa jambo hilo, kwa hiyo kesi haikufika hata hatua ya ushahidi kusikizwa kikamilifu. Wewe amua unavyoona kuhusu sheria. Mimi naona jibu la swali letu la mlango. Ukiulizwa mahakamani "nani alikuwa na wajibu wa kukulinda?" na hakuna anayeitikia, basi lile geti lilikuwa la chai tu.

Kuna jambo jingine lazima lisemwe na kijana wa Kikipsigis, kwa sababu akilisema mtu mwingine tutamwita adui. Chemosit wa mwaka ule hakuwa na mguu mmoja. Alikuwa na majina tunayoyajua. Na mahali pamoja ambapo watu waliokoka, tena bila fensi na bila mlinzi, ni kwenye nyumba za majirani: chini ya kitanda cha mama wa Kikalenjin, stoo ya mahindi, nyuma ya gari la mzee aliyesimama kizuizini akasema huyu ni mtoto wangu. Hizo nyumba zina ukuta wa udongo au mabati. Hakuna mtu angezichagua kwenye gemu. Zilifanya kazi kwa sababu aliyeshika mlango alikuwa amemhesabu yule aliye ndani kuwa wake, na alikuwa tayari kulipa.

Sasa tuchague

Kwa hiyo hii ndiyo orodha yangu, uitumie kwa zombi au kwa uchaguzi.

Kwanza, maji na choo kabla ya ukuta. Fort Jesus haikubomolewa, iliugua.

Pili, njia mbili za kutoka. Shimo la Sirikwa ni zuri hadi siku adui anapokuja na watu mia.

Tatu, idadi. Hesabuni mti unabeba wangapi kabla hamjapanda.

Nne, usikimbilie mwanga kwa sababu ni mwanga. Mahali ambapo kila mtu anajua kila mtu ataenda, hata anayekutafuta anajua.

Tano, na hii inazidi zote: jua nani ameshika mlango, anapokea amri kutoka wapi, na atafanya nini ukiombwa utolewe nje. Kama hujui, bado huna kimbilio, una jengo.

Utaona hilo la tano huwezi kulitengeneza usiku wenyewe. Huwezi kuanza urafiki na jirani saa nane usiku huku kijiji kinawaka. Wasegeju hawakuja Malindi kwa bahati. Kokwet haianzishwi siku ya ukunga. Kinachoamua utakapokimbilia ni mambo madogo ya kila siku: umemsalimia nani, ulichanga harambee ya nani, mtoto wa nani alikula kwako, na ulinyamaza au ulikemea wakati rafiki zako walipoanza kuwaita watu wengine "madoadoa".

Uchaguzi mwingine uko 2027. Watu wanaongea kuhusu nani atashinda. Mimi naomba jambo dogo tu. Nenda kwa kogo au kugo wako, au mzee yeyote wa mtaa, umuulize: 1992 na 2008 hapa kwetu, nani alificha nani? Atajua. Atakuonyesha nyumba. Ukishajua hizo nyumba ni zipi, unajua kimbilio la Kericho liko wapi. Kisha jiulize kama nyumba yenu iko kwenye hiyo orodha, na kama haiko, bado kuna muda wa kuiingiza.